Umezoea riwaya za mapenzi ya leo? Namna ya kuzifuata hadi angani

Riwaya yangu ya kwanza ya mapenzi yenye chombo cha angani niliitupa ukurasa wa 34. Kurasa zote hizo mwandishi alikuwa akieleza injini. Mimi nilizoea mapenzi ya leo: mwanamke anagombana na jirani kuhusu maegesho ya gari, ukifika ukurasa wa 10 unajua hawa wataishia pamoja, na raha yote ni kuona watafikaje. Sasa naletewa habari za vali na mitungi ya hewa. Nikafunga kitabu.

Miezi kadhaa baadaye nikajikuta nakumbuka kitu kimoja tu kutoka kurasa zile. Watu wawili wasiopatana wamefungiwa kwenye chumba kidogo, hewa inapungua, na mmoja anamwambia mwenzake anyamaze ili wasiimalize. Mwenzake ananyamaza kweli. Na huyo huyo aliyeomba ukimya anashindwa kuuvumilia. Nikakitafuta kitabu, nikaanza upya nikiziruka injini zote, na saa 9 usiku nilikuwa bado sijalala.

Tangu siku hiyo nasoma pande zote mbili, na nimewavusha wasomaji kadhaa, wawili watatu kati yao baada ya kuwapotosha kwanza. Haya hapa ni kwa yule anayependa mapenzi ya leo lakini rafu yenye sayari kwenye majalada anaiangalia kwa jicho la pembeni.

Hatua ya 1: Andika sentensi yako ya "lakini"

Chukua riwaya 3 ulizozipenda hadi ukazirudia. Kila moja iandikie sentensi moja inayoanza hivi: "Wanapendana, lakini…" Usitaje sura ya mtu wala kazi yake. Taja kinachowazuia.

"Wanapendana, lakini mmoja ni bosi wa mwenzake." "Wanapendana, lakini waliachana miaka 10 iliyopita na hakuna aliyewahi kusema kwa nini." "Wanapendana, lakini walianza kwa kujifanya wachumba mbele ya watu, na sasa kila mmoja anadhani mwenzake bado anajifanya."

Wapo watakaokushauri uchague kwa ulimwengu: anza na sayari ya barafu, au na safari za wakati, au na roboti. Ushauri huo ulinipotezea mwaka mzima. Kinachomshika msomaji wa mapenzi ni kizuizi, na ukishakijua chako utakitambua hata kikivaa nguo za anga. Kama sentensi zako zote zina maadui, tafuta kapteni na mateka wake. Kama unapenda watu waliobanwa pamoja bila kutaka, hapo umefika nyumbani: kwenye mapenzi ya leo mwandishi huhangaika kutafuta dhoruba, lifti iliyokwama au hoteli iliyobakiwa na chumba kimoja. Angani hahangaiki. Ukifungua mlango kwa hasira utoke nje, umekufa.

Hatua ya 2: Hakikisha ni riwaya ya mapenzi, si riwaya yenye mapenzi ndani

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Riwaya za kisayansi zimejaa wapenzi, ila katika nyingi kati yake ukiwatoa wapenzi hao vita inaendelea na sayari inaokolewa vilevile. Chama cha waandishi wa Marekani, Romance Writers of America, kiliifafanua riwaya ya mapenzi kwa mambo mawili: mapenzi yawe ndiyo kiini cha hadithi, na mwisho uridhishe na uwe na matumaini. Harusi si lazima. Kinachotakiwa ni wawili hao kubaki pamoja, na wewe kuamini kwamba watabaki.

Mimi hupima kwa kuondoa. Toa mapenzi: hadithi ikisimama bila kuyumba, hiyo si yetu. Kisha toa sayansi: wapenzi wakibaki na tatizo lile lile, sayansi ilikuwa pazia la jukwaani tu. Pazia si dhambi, ni vizuri tu kujua umekaa mbele ya nini.

Halafu uliza kuhusu mwisho. *The Time Traveler's Wife* ya Audrey Niffenegger, iliyotoka 2003, inafaulu majaribio yote mawili. Mume ana hitilafu ya vinasaba inayomrusha kwenye wakati bila hiari yake, na mke ndiye anayebaki kusubiri. Ukitoa kimojawapo hakuna hadithi. Lakini mwisho wake si ule tunaoahidiwa na riwaya ya mapenzi. Ni kitabu kizuri mno, na msomaji niliyempa bila kumwonya alininunia wiki nzima. Alikuwa na haki.

Ukimpata aliyekwisha kusoma, muulize swali moja tu: "Wanabaki pamoja?" Akitaka kuendelea kueleza, mkatize. Usipompata mtu, geuza kitabu usome maelezo ya nyuma ya jalada. Kama yanataja wapenzi wote wawili kwa majina na kusema kila mmoja anataka nini, dalili ni njema. Kama aya tatu ni za himaya na uasi, kisha mwishoni kabisa kuna "na mapenzi yasiyotarajiwa", hayo mapenzi yametupiwa humo ili na sisi tununue.

Hatua ya 3: Chagua uzito wa sayansi unaoweza kuubeba

Kuna sayansi ya pazia niliyoitaja: vyombo vinaruka nyota hadi nyota kwa dakika, wageni wa sayari nyingine wanaongea lugha yako kwa msaada wa kifaa cha sikioni, na hakuna anayekuuliza vinafanyaje kazi. Ukiwa na haraka ya kufika kwenye busu, anzia hapo. Hakuna anayekutahini.

Lakini utamu halisi wa riwaya hizi, kwa maoni yangu, ni pale sheria ya maumbile inapogeuka kuwa ndiyo "lakini" yenyewe. Chukua mwendo wa mwanga. Hakuna ujumbe unaoupita, hata uwe wa dharura namna gani. Kutoka duniani hadi Mars, ujumbe wa redio huchukua kati ya dakika 3 na dakika 22 hivi kwenda tu, kutegemea sayari hizo mbili ziko wapi kwenye mizunguko yake. Sasa mweke mtu Mars na mwenzake duniani, siku ambayo umbali ni mkubwa. Anajikaza, anasema, "Nadhani nakupenda." Dakika 22 maneno yako njiani. Hata mwenzake akijibu papo hapo, ni dakika nyingine 22. Dakika 44 za kukaa mbele ya kioo cheusi. Katika muda huo atajuta, atarekodi ujumbe wa pili kujitetea kwamba alikuwa anatania, na ujumbe huo wa pili utapishana njiani na jibu linalosema, "Na mimi." Mwandishi mzuri hahitaji adui wala bomu. Dakika 44 zinamtosha sura nzima.

Sogea mbali zaidi. Nyota iliyo jirani kabisa na jua letu, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka-mwanga 4.2 hivi, yaani mwanga wenyewe huchukua miaka 4.2 kutoka huko hadi hapa. Tuseme mmoja wa wapenzi anapanda chombo kiendacho asilimia 99 ya mwendo wa mwanga, anafika, anageuza, anarudi. Kwa mujibu wa nadharia ya Einstein, aliyebaki nyumbani atahesabu zaidi kidogo ya miaka 8 na nusu. Aliyesafiri atahesabu mwaka 1 na miezi 2 hivi. Walioagana wakiwa na umri mmoja wanakutana mmoja amemzidi mwenzake miaka 7 na zaidi. Hapo hakuna aliyekosea. Hakuna wa kuomba msamaha. Ukiwa mpenzi wa hadithi za nafasi ya pili, za walioachana wakarudiana, jiulize umewahi kukutana na kizuizi safi kama hicho, kisicho na mkosaji.

Hesabu hizo huhitaji kuzijua wewe. Mwandishi anayejua kazi yake atakuonyesha kwa kitu unachoweza kukishika: mtoto wa dada aliyeachwa akitambaa, sasa anafungua mlango akiwa na sauti nzito na hamtambui mgeni.

Kuna na uzito wa tatu, wa wale wanaoandika milinganyo kabisa. Catherine Asaro, kwa mfano, ni mwanafizikia mwenye shahada ya uzamivu kutoka Harvard, na riwaya zake za anga zina mapenzi na fizikia kwa kipimo kikubwa. Hao waache hadi uwe umekolea.

Hatua ya 4: Chagua kitabu cha kwanza kwa kukilinganisha na sentensi yako

Kama sentensi yako ilikuwa ya uchumba wa kujifanya na hutaki kutoka duniani ghafla, daraja zuri ni *The Love Hypothesis* ya Ali Hazelwood ya mwaka 2021. Ni mapenzi ya leo kabisa, mwanafunzi wa uzamivu na profesa, ila mwandishi mwenyewe ni mtaalamu wa sayansi ya ubongo na maabara zake zina harufu ya maabara kweli. Tena hadithi yenyewe ilianza kama kazi ya shabiki wa Star Wars, zile filamu za vita vya angani, kwa hiyo ni kitabu kilichozaliwa angani kikashuka duniani. Wewe unapita njia hiyo hiyo kwa kurudi nyuma.

Kama sentensi yako ni ya maadui, nenda kwa Lois McMaster Bujold, *Shards of Honor*, 1986. Cordelia ni kapteni wa kikosi cha utafiti, Aral ni kamanda wa upande wa pili aliyegeukwa na watu wake mwenyewe, na wanalazimika kutembea pamoja kwa siku kadhaa kwenye sayari isiyo na watu, wakimsaidia majeruhi mmoja. Kinachonifurahisha ni kwamba ni watu wazima. Wameshapenda na kuumizwa kabla, na wanaongea kama watu wasio na muda wa kuchezea. Mwanamume anamwomba ndoa mapema sana, na jibu halitokani na kutopenda bali na swali la nani atahama kwao. Huo ni mzozo ambao umeusoma mara 100 kwenye mapenzi ya leo, ila hapa "kwao" ni sayari.

Ukiwa mtu wa barua, usipite *This Is How You Lose the Time War* ya Amal El-Mohtar na Max Gladstone, 2019. Ni fupi, majasusi wawili wa pande hasimu wanaachiana barua katika nyakati mbalimbali za historia, na barua ya kwanza inamtaka mpokeaji aichome kabla ya kuisoma. Ilipata tuzo ya Hugo na ya Nebula, tuzo kubwa za hadithi za kisayansi, katika kundi la novela, yaani hadithi fupi kuliko riwaya. Lugha yake ni nzito kama ushairi, kwa hiyo isome polepole, barua moja moja.

Na kama unataka raha bila kuhangaisha kichwa, Ruby Dixon alianza kuchapisha *Ice Planet Barbarians* kwa gharama yake mwenyewe 2015, na miaka kadhaa baadaye mtandao wa TikTok ukaifanya gumzo hadi mchapishaji mkubwa akaitoa upya mwishoni mwa 2021. Wanawake wa dunia wanaangukia kwenye sayari ya barafu, wenyeji ni wakubwa, wa buluu na wana pembe. Ndani ya kifua cha kila mkazi wa huko kuna kiumbe kinachomwezesha kuishi katika baridi ile, na kiumbe hicho ndicho kinachoanza kutetema kikimtambua mwenza. Wasomaji hugombana sana hapa: kama mwili umeshaamua, moyo umechagua nini? Mimi hukaa upande wa wanaotaka kuona mhusika akichagua hata baada ya mwili kuamua. Waandishi wazuri wa aina hii huliweka swali hilo mezani, na wavivu hulifunika kwa blanketi.

Hatua ya 5: Kurasa 50 za kwanza, soma kama mgeni aliyekaribishwa

Mgeni haulizi jina la kila kikombe. Utakutana na majina ya koo, vyeo, silaha na siku za juma usizozijua. Yapishe. Neno lenye maana litarudi, na likirudi mara ya tatu utakuwa umelielewa bila kufundishwa.

Weka karatasi ndogo ndani ya kitabu yenye mistari miwili tu. Juu, kila mpenzi anataka nini. Chini, anaogopa nini. Mambo mengine usiyaandike. Karatasi yangu ya mwisho ilisomeka hivi: "Juu: rubani anataka leseni yake irudishwe, tabibu anataka kwenda nyumbani. / Chini: rubani anaogopa kuhurumiwa, tabibu anaogopa kwamba nyumbani hakuna tena." Kitabu kilikuwa na aina 6 za viumbe na vita ya miaka 200, na mistari hiyo ilinitosha kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ukifika ukurasa wa 50 na bado huwezi kujaza mstari wa chini kwa hata mpenzi mmoja, kiache kitabu. Usijilaumu wala usijiambie kwamba huna akili ya sayansi. Mwandishi hajakujulisha watu wake.

Hatua ya 6: Angalia kitabu kiko wapi kwenye mfululizo

Mifululizo ya mapenzi ni ya namna mbili. Kuna ile ambayo kila kitabu kina wapenzi wake na wale wa zamani wanapita tu kusalimia. Hiyo unaweza kuanzia popote. Na kuna ile inayofuata wapenzi walewale kitabu hadi kitabu. Hiyo ukianzia katikati umejichongea. Nilianzia cha tatu kwa kudanganywa na jalada, nikakuta wameshaoana, wana mtoto, na wanakumbushana kwa kicheko usiku fulani kwenye gati namba 9. Nilirudi kusoma cha kwanza. Usiku wenyewe ulipofika nilikuwa kama mtu anayesikiliza kichekesho baada ya kuambiwa mwisho wake.

Hatua ya 7: Soma maonyo

Vitabu vingi siku hizi vina ukurasa wa maonyo mwanzoni: ukatili, utekaji, kufiwa, mambo ya chumbani yanavyoelezwa kwa uwazi kiasi gani. Mapenzi ya angani huweza kuwa makali kuliko jalada linavyoonyesha, hasa hadithi za kutekwa. Usome, uamue. Anayekucheka kwa kuusoma hajakutana na sura iliyomharibia wiki.

Hatua ya 8: Kila baada ya vitabu viwili vya anga, rudi leo

Hatua hii hairukwi. Ukirudi kwenye mapenzi ya leo ukitoka angani utaona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yako siku zote: simu. Wapenzi wa riwaya za zamani walitenganishwa na bahari na barua zilizochelewa miezi. Wa leo kila mmoja ana mwenzake mfukoni. Anaona ujumbe umesomwa saa ngapi. Anajua yuko hewani sasa hivi. Mwandishi wa leo amenyang'anywa umbali, kwa hiyo analazimika kuupanda ndani ya watu: woga, kiburi, ahadi ya zamani, kidonda ambacho mhusika hajamwambia yeyote. Ndiyo maana mapenzi ya leo yakiandikwa vizuri yanachoma namna yake, kwa sababu mtu ananyamaza huku namba anayo.

Mwandishi wa anga kaurudisha umbali wenyewe, wa kilomita na miaka. Mhusika wake anaweza kuwa mkweli kabisa, amepona vidonda vyote, yuko tayari kusema, na bado asisikike kwa dakika 22.

Soma viwili hivyo mfululizo, cha leo na cha anga, vyenye sentensi moja ya "lakini". Mimi nilifanya hivyo na hadithi mbili za wapenzi waliopoteana. Kwenye ile ya leo, mwanamke anaandika ujumbe, anafuta, anaandika tena, anafuta, na mwanamume upande wa pili anaona vile vidoto vitatu vikitokea na kupotea kwa robo saa nzima. Kwenye ile ya anga, mwanamke amerekodi ujumbe wake miaka 4 iliyopita, bila kufuta neno, na mwanamume anausikiliza akijua kwamba aliyeusema hayuko tena vile alivyokuwa. Daftarini niliandika swali moja kwa vyote viwili: nani kati ya wale wanawake alikuwa mbali zaidi? Kila nikimpa mtu vitabu hivyo nampa na swali hilo, na mpaka sasa hatujaafikiana.